Uzi wa Kitambaa, Uzi wa Ngozi

Nilipokuwa darasa la sita, mama alinipa kipande cha kitenge kilichobaki, akaniambia nitoboe shimo la duara katikati, kisha nilishone lizibe bila kutia kiraka. Tulikuwa kwenye kibanda chake cha ushonaji sokoni Kibuye, Jumapili, siku ambayo soko hufurika mpaka kando ya barabara. Nilikata duara safi, nikavuta kingo mbili zikutane, nikashona. Katikati palilala vizuri, lakini kwenye ncha zote mbili kitambaa kilivimba kikainua vijipembe, kama pembe za mbuzi mchanga. Nilivibonyeza kwa kidole, vikainuka tena. Mama akafumua kazi yangu, akalirefusha lile shimo pande mbili mpaka likawa na umbo la jicho, jembamba kwenye ncha na pana kiasi katikati. Akashona. Mshono ukalala bapa, mstari mmoja, kama uliopigwa pasi.

"Kila kitambaa kina uzi wake," akaniambia. "Ukikata kwa kuufuata, kinakutii. Ukiukatiza, kitakuaibisha mbele ya mwenye nguo."

Miaka kumi na moja baadaye nilisimama kwenye chumba cha upasuaji mdogo, nimevaa glavu, na mwalimu wangu akachora umbo lile lile la jicho kwenye mgongo wa mzee mmoja kwa kalamu ya wino wa zambarau. Urefu uwe mara tatu ya upana, alisema, na pembe za ncha ziwe digrii 30 hivi, la sivyo ngozi itainua vijipembe pande zote mbili. Wenzangu walikuwa wakiandika. Mimi nilikuwa Kibuye, nimeshika kipande cha kitenge.

Siku hizi mimi ni afisa wa kliniki hapa Kisumu. Wagonjwa huniita daktari, na sehemu kubwa ya wiki yangu hupita kwenye chumba chenye kitanda kimoja, taa ya kuinamisha na meza ya vyuma, nikiondoa vitu kwenye ngozi za watu: chunjua, vifuko vya mafuta, vinyama vinavyoning'inia shingoni, mabaka, vidonda vilivyokataa kupona. Maneno ninayoyasikia kuliko yote ni "Toa tu, daktari." Ni kidude kidogo, toa tu. Wembe upo, ganzi ipo, dakika kumi. Ninaandika haya kwa ajili ya hilo neno "tu". Ndilo lililomuua shangazi yangu.

Shangazi aliishi Luanda, kaunti ya Vihiga, mbele kidogo ya Maseno ambako barabara ya kwenda Busia inavuka ikweta. Alilima pekupeku maisha yake yote. Mwaka 2011 aliona doa jeusi kwenye unyayo wa mguu wa kushoto, karibu na kisigino, ukubwa wa harage. Alidhani ni mwiba uliovunjikia ndani. Jirani akasema ni funza wa zamani. Akalichokoa kwa sindano, hakikutoka kitu. Halikuwa linauma, na kwetu jambo lisilouma halipandiwi matatu.

Lilipoanza kutoa majimaji alikwenda kwenye kliniki moja ndogo ya kulipia. Wakamdunga ganzi, wakalikata, wakashona nyuzi tatu. Mimi nilikuwa mwanafunzi, nimekuja likizo, nikamsindikiza. Niliiona ile nyama kwa macho yangu. Upande mmoja ilikuwa na ukingo mwembamba mno wa ngozi nzima, na upande wa pili haukuwapo ukingo kabisa: weusi uliishia pale pale ulipopita wembe. Ikatupwa kwenye ndoo pamoja na pamba. Sikusema kitu. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, na aliyekata alikuwa amevaa koti jeupe.

Kidonda kilifunga vizuri. Shangazi alinitumia kuku wawili kwa kumsindikiza. Ilipopita miezi tisa weusi ulirudi ukizunguka kovu, na kwenye nena kukawa na mtoki mgumu kama kokoto ya mtoni. Safari hii alipelekwa hospitali kubwa, kikachukuliwa kipande, kikaenda maabara, na jibu likarudi: melanoma, kansa ya seli zinazoipa ngozi rangi. Ilikuwa imeshasambaa. Tulimzika mwaka 2013, msimu wa mvua ndefu, udongo mwekundu ukishika viatu vya waombolezaji.

Nilikua nikiambiwa kwamba kansa ya ngozi ni ugonjwa wa wazungu. Ni kweli kwamba rangi yetu hutukinga sana na jua. Lakini ile melanoma inayoota kwenye unyayo, kiganjani na chini ya ukucha haiongozwi na jua, na ndiyo aina inayoonekana zaidi kwa watu weusi wanaopata melanoma. Bob Marley, ambaye sura yake nimeiona ikipita Kondele kwenye migongo ya matatu tangu nikiwa mtoto, iligunduliwa mwaka 1977 kwamba anayo chini ya ukucha wa kidole cha gumba cha mguu. Watu wengi bado wanaamini kilichomuua ni jeraha la mpira. Alifariki tarehe 11 Mei 1981, akiwa na miaka 36.

Kilichopaswa kufanyika siku ile kwenye mguu wa shangazi si miujiza. Doa kama lile hutolewa lote, pamoja na ukingo wa ngozi nzima wa kama milimita 2 kuzunguka, kina chake kifike kwenye mafuta, kisha kipande chote kiende kwa mpatholojia. Yeye hupima chini ya darubini ugonjwa umezama kiasi gani. Kipimo hicho kina jina la Alexander Breslow, aliyekieleza mwaka 1970, na upasuaji wa pili hufuata jibu lake: ugonjwa ukiwa haujazidi milimita 1 kwenda chini, unarudi kukata ukingo wa sentimita 1 kuzunguka kovu, ukiwa umepita milimita 2, unakata sentimita 2. Ndiyo maana doa jeusi linalotiliwa shaka halikwanguliwi juu juu kwa wembe uliolazwa. Ukilikwangua umekata kipimo chenyewe katikati, na hakuna darubini itakayokuambia kilichobaki ndani kilikuwa na urefu gani. Na ukilitupa kwenye ndoo, umetupa jibu.

Mwezi wa tatu mwaka huu alikuja mama mmoja anayeuza njugu karibu na stendi ya mabasi. Ana ualbino. Kwenye mkono wa kulia, kati ya kiwiko na kifundo, alikuwa na kidonda chenye gamba, upana wake sentimita moja, kingo zimeinuka kidogo kama mdomo wa kisoda. Kimekaa miezi mitano. Gamba likitoka, damu kidogo, kisha gamba jingine. Sisi tuko karibu kabisa na ikweta, zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na jua la saa saba Kisumu hata mimi mweusi hunifanya nitafute kivuli. Kwa ngozi isiyo na rangi ya kuikinga, jua hilo likirudia kila siku kwa miaka arobaini huacha kansa. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 9,729 wenye ualbino Kenya nzima, na Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu lina mpango wa kuwapa losheni ya kuzuia jua. Mama huyu alikuwa nayo.

"Naipaka usoni, daktari," aliniambia. "Nikipaka na mikono haifiki mwisho wa mwezi."

Nilikaa na maneno hayo kwa muda kabla ya kuchukua kalamu.

Kazi ya kwanza ni kutafuta uzi wa ngozi. Mwaka 1861, huko Vienna, mwanaanatomia Karl Langer alichoma ngozi za maiti kwa chuma cha mviringo chenye ncha kali. Matundu hayakubaki duara. Yalijivuta yakawa mipasuo myembamba, na mipasuo ile ikajipanga mistari mistari mwili mzima, kama nyasi zilizolazwa na upepo. Mtu aliye hai hatumtobei. Tunaiminya ngozi yake kati ya vidole viwili, kwanza upande huu, kisha ule. Inakojikunja mikunjo midogo laini iliyo sambamba, huko ndiko uzi unakoelekea. Usoni ni rahisi zaidi: mwambie acheke, anune, afumbe macho kwa nguvu, kisha ukate ndani ya kunyanzi, na baada ya mwaka mmoja hata mwenyewe atalitafuta kovu kwenye kioo. Kwenye mkono wa mama wa njugu uzi ulikwenda mshazari, ukishuka kutoka upande wa nje kuelekea kwenye mshipa wa kifundo.

Kuna mahali navunja kanuni hii kwa makusudi. Doa jeusi la kutiliwa shaka likiwa kwenye mkono au mguu, nalikata kwa kufuata urefu wa kiungo, hata kama uzi wa ngozi unakatiza. Kovu litakuwa pana zaidi, lakini mtu atakayelazimika kurudi kukata ukingo mkubwa ataweza kuufunga. Mama yangu angenielewa. Nguo ya mtoto anayekua huachiwa pindo nene, hata kama haipendezi.

Kisha nikaweka rula. Kidonda sentimita 1. Kwa kansa ya aina niliyoishuku, ile ya seli bapa za tabaka la juu la ngozi, ikiwa ndogo na mahali pasipo na hatari, ukingo ni angalau milimita 4 kila upande. Hapo upana unakuwa milimita 18, na urefu mara tatu yake, sentimita 5 na milimita 4. Nilipomaliza kuchora mama akainua kichwa kutoka kwenye mto.

"Daktari, kidonda ni hiki kidogo. Mbona umechora mtumbwi mzima?"

Nikamweleza kwamba kinachoonekana si chote kilichopo, kwamba ugonjwa huu hutanguliza vidole vyake chini ya ngozi ambayo macho yanaiona nzima. Akanyamaza, kisha akasema, "Kama gugu maji. Wanaondoa la juu pale Dunga, baada ya wiki ziwa limejaa tena." Tangu siku hiyo nimeacha maelezo yangu ya kitabuni. Wagonjwa wote wa upande huu wa ziwa naanza nao kwenye gugu maji, na hakuna aliyeniomba nirudie.

Ganzi tunayotumia ni lignokeni. Watu huihofia sindano kuliko wembe, na wana haki, kwa sababu dawa hii ni asidi kidogo na huwaka inapoingia. Sindano nyembamba, mkono wa taratibu, mazungumzo. Lakini ninalolihofia mimi ni kipimo. Ikiwa haina adrenalini haipaswi kuzidi miligramu 3 kwa kila kilo ya mwili. Mtu wa kilo 60 mwisho wake ni miligramu 180, na katika chupa ya asilimia 2 kila mililita ina miligramu 20, kwa hiyo mililita 9 na basi. Ukipita, dawa hiyo hiyo inayotuliza mkono inaweza kumtia mgonjwa degedege au kuvuruga mapigo ya moyo. Naandika idadi ubaoni kabla ya kuvuta dawa, na sista aliye nami huisoma kwa sauti. Mgeni akiingia hudhani tunafundishana hesabu.

Wembe namba 15 unashikwa kama kalamu, wima juu ya ngozi. Ukiulaza, ukingo mmoja unakuwa mnene na mwingine mwembamba, na kingo za unene tofauti hazipatani. Ngozi ya juu hufunguka bila sauti. Chini yake kuna tabaka jeupe, gumu, na wembe unapolivuka unahisi kwenye vidole: ukaidi unaisha ghafla. Hapo yanatokea mafuta, vinundu vya manjano vilivyobanana kama punje za mahindi mabichi kwenye gunzi. Kwa kila mtu niliyewahi kumkata, mweusi ti au mwenye ualbino, manjano yake ni ile ile. Nilizunguka mchoro wote, nikainua ncha moja kwa kibanio, nikakitenga kipande kwenye mafuta kwa kina kimoja kutoka mwanzo hadi mwisho, kama mtu anayetoa ganda la chungwa bila kulikata. Damu kidogo. Gozi, na kukandamiza dakika tano za saa ya ukutani; dakika tano za kukisia huwa mbili.

Kabla kipande hakijatoka kabisa nilitia uzi mmoja wa alama kwenye ncha ya upande wa kiwiko. Uzi huo humwambia mpatholojia kipande kilikaa vipi mwilini, ili akisema ukingo fulani una ugonjwa tujue turudi wapi. Na hapa nina jambo la kuwaambia wenzangu wa kazi. Vitabu vyetu ni vya Kiingereza na husema uzi wa alama uwe kwenye 12, kana kwamba kipande ni uso wa saa. Mwaka juzi nilimwambia mwanafunzi, kwa Kiswahili cha haraka, "Weka uzi saa kumi na mbili." Naye, kijana anayeisoma saa kama sisi sote tunavyoisoma nyumbani, akauweka chini kabisa, palipo na tarakimu 6. Hakukosea yeye. Nililiona kabla kipande hakijaingia chupani, na tangu siku hiyo katika chumba changu hatuelekezani kwa saa: tunasema upande wa kichwa, upande wa miguu, upande wa kiwiko, na tunaandika hivyo hivyo kwenye fomu.

Tundu lililobaki hutisha. Ngozi ikikatwa hujivuta, na tundu la milimita 18 likaonekana la 25. Hapo nalegeza ngozi kutoka kwenye mafuta chini ya kingo, kidogo kila upande, mpaka zianze kuteleza kukutana. Nyuzi za ndani, zile zinazoyeyuka zenyewe, ndizo zinazobeba uzito. Za nje ni za kupanga tu. Mama yangu alinifundisha sindano iingie wima, na kwenye ngozi ni hivyo hivyo, lakini kuna jambo kitambaa hakina. Kitambaa hubaki kama ulivyokiacha. Ngozi huendelea na kazi baada yako. Kwa hiyo kingo haziachwi bapa; huachwa zimeinuka kidogo kama tuta la viazi, kwa sababu kovu likikomaa hushuka, na lililoshonwa bapa leo litakuwa mfereji kesho.

Kwenye mkono nyuzi hukaa siku 10 hadi 14, usoni 5 hadi 7, na mguuni wiki mbili au zaidi. Zikitoka watu hudhani wamepona. Wiki mbili baada ya kushonwa kovu halijafika hata moja ya kumi ya nguvu za ngozi ya kawaida. Baada ya miezi mitatu hufika kama asilimia 80, na haipiti hapo maisha yote. Nilimwambia mama wa njugu asibebe gunia kwa mkono ule. Akaniuliza nani atalibeba. Tulikubaliana mwanawe wa kidato cha pili atalibeba asubuhi kabla ya shule, na yeye atauza kwa mkono wa kushoto.

Si kila anayekuja namkata. Vijana wengi huleta keloidi, makovu yanayovimba kupita jeraha lenyewe, hasa za masikio yaliyotobolewa, na za kifuani mahali palipokuwa na chunusi. Kisu peke yake kwa keloidi ni kuipalilia. Mara nyingi hurudi, na hurudi kubwa kuliko iliyotolewa, kwa sababu jeraha ndilo chakula chake. Nikikata, ni pamoja na mpango wa sindano za triamsinoloni, dawa ya kusinyaza kovu, kwa miezi, na kama ni sikio, hereni ya kubana. Asiyeweza kuahidi kurudi namwomba asubiri. Na kabla ya kumkata mtu yeyote, hata kwa kijichunjua, naangalia kovu lake la BCG, chanjo ya kifua kikuu, kwenye mkono wa kushoto. Likiwa limevimba na kung'aa, ngozi hiyo imeshaniambia tabia yake.

Kuna sehemu mbili pia ambazo nawaheshimu wapasuaji wakubwa na kuwaachia. Kwenye upande wa uso, kati ya sikio na ncha ya nyusi, hupita neva inayoinua nyusi, na hupita juu juu sana. Pembeni mwa shingo, nyuma ya ule msuli mnene unaotokeza ukigeuza kichwa, hupita neva ya bega. Nimewahi kumwona mwanamke aliyetolewa tezi la shingo mahali fulani kwa dakika kumi. Kovu lilikuwa zuri, naye hakuweza kuinua mkono kusuka nywele za binti yake. Uvimbe mdogo mahali pabaya si upasuaji mdogo.

Na wazee wenye makovu ya moto. Upande huu wa nchi wapo wengi walioungua utotoni kwa koroboi au kwa sufuria ya uji, kovu likavuta kiwiko au goti, wakaishi nalo. Kovu la namna hiyo likifunguka kidonda baada ya miaka ishirini au thelathini, kikawa hakiponi, kikanuka, kingo zikavimba, hicho si kidonda cha kufunga bendeji tu kila Jumatatu. Kinaweza kuwa kansa. Mfaransa Jean-Nicolas Marjolin alivieleza vidonda vya kwenye makovu mwaka 1828 na bado vinaitwa kwa jina lake. Kikiwa kikubwa sikitoi chote. Nachukua kwanza kipande cha ukingoni, kwa kitoboleo cha milimita 4 au kwa wembe, nangoja jibu. Nimekutana na mzee aliyefungiwa bendeji kwa miaka miwili bila mtu kuchukua hata kipande cha ukubwa wa punje ya mtama.

Sasa chupa. Hapa ndipo ninapogombana na watu, na sitaacha. Kipande cha mama wa njugu kiliingia kwenye chupa ya mdomo mpana yenye formalini ya asilimia 10, dawa inayozuia nyama isioze, ujazo wake mara kumi ya kipande. Mdomo mpana, kwa sababu nyama hukakamaa ndani ya formalini, na iliyoingia kwa kusukumwa haitatoka. Si spiriti, si maji ya chumvi, si glavu iliyofungwa fundo. Nimeletewa kipande kwenye glavu kutoka mbali, siku ya tatu, kimeoza, na hakuna mpatholojia duniani anayeweza kukisoma. Jina, umri, mahali kilipotoka, upande wa uzi, ninachokishuku: vyote kwenye chupa na vyote kwenye fomu. Jina liandikwe ubavuni mwa chupa, si kwenye kifuniko. Vifuniko hubadilishana.

Kisha huja swali la pesa. Mgonjwa ameshalipia upasuaji, na maabara ni malipo mengine. Jamaa zake hunivuta pembeni: nyama ishatoka, daktari, ya nini kulipa tena kuangalia kitu kilichotupwa? Ni swali la watu wanaohesabu nauli, na silidharau. Najibu kwa kuwaeleza habari za unyayo wa shangazi. Huwa nasema yote, pamoja na kwamba nilikuwa nimesimama pale na sikusema kitu. Siku hizi gharama ya maabara naitaja mwanzo kabisa, kabla ya ganzi, ikiwa sehemu ya upasuaji wenyewe, kama vile uzi na gozi. Anayeweza moja tu kati ya mawili, tunatafuta pamoja: hospitali ya rufaa, msamaria, kanisa, chama cha akina mama. Mara mbili tumechanga sisi wenyewe chumbani. Lakini doa lenye shaka silikati kwa ajili ya ndoo.

Na unyayo? Kila anayepanda kitanda changu, hata aliyekuja kwa kinyama cha shingoni, namwomba avue viatu na soksi. Wengine huona haya, hasa wazee wa heshima wenye nyayo zilizopasuka. Mzee mmoja kutoka Ahero alinitazama, akasema mwenyewe, "Mficha maradhi kifo humuumbua," akafungua kamba za viatu. Nyayo zake zilikuwa safi.

Jibu la mama wa njugu lilichukua wiki tatu. Alikuja akiwa amevaa gauni la mikono mirefu aliloshonewa na dada yake, kitambaa kizito, mikono imefika vidoleni. Nilimsomea karatasi: kansa ya seli bapa, imetoka yote, ukingo ulio karibu zaidi una milimita 3 za ngozi safi, na chini pako safi. Akaniomba niisome tena. Nikaisoma tena. Nikamgusa kwapani kutafuta tezi, sikupata. Kovu lilikuwa mstari mmoja wa waridi, mshazari, bila vijipembe. Nikamwandikia arudi baada ya miezi mitatu, na barua ya kuomba aongezewe losheni.

Alikuwa amefika mlangoni alipogeuka, akaukunja mkono wa kushoto wa ile nguo.

"Na hiki, daktari?"

Kilikuwa na ukubwa wa punje ya mchele, kikavu, kinakwaruza kidole. Nikamwambia akae. Nikavuta taa, nikachukua rula.